Kovu la Mkono wa Kulia

Nina makovu mawili ya chanjo ya ndui, moja kila mkono. La kushoto halina habari. Wazee wenzangu wengi wa mtoni wanalo, duara dogo lililobonyea kama alama ya kidole kwenye unga. Ni la kulia ndilo ninaloulizwa. Kwa miaka mingi nilikuwa nikijibu ovyo, nasema mchanjaji siku ile alikuwa mlevi. Uongo mtupu. Yule bwana hata tembo hakuonja, na nimemsingizia vya kutosha. Waliohusika wote wameshatangulia isipokuwa mimi, kwa hiyo acha niseme.

Ilikuwa miaka ya hamsini, nami nilikuwa mke kijana mwenye mtoto mmoja wa kunyonya. Kijiji chetu kilikuwa mtoni, chini ya Garsen, si mbali na Wema. Nyumba zilikuwa upande huu wa mto na mashamba ya mpunga yalikuwa ng'ambo. Asubuhi tulivuka kwa mtumbwi, jioni tukarudi, na mamba tuliwazoea kama mtu anavyomzoea jirani mbaya. Mama yangu alikuwa mjane, na nyumba yake ilikuwa ya nne kutoka kwangu. Alizaliwa juu huko Kinakomba akaja kwetu kwa kuolewa, na mpaka mwisho hakuacha kutuambia kwamba ndizi za kwao ni tamu kuliko zetu.

Mama alikuwa na sifa moja iliyojulikana vijiji vyote vya jirani, nayo ni teo. Mpunga ukishaanza kushika, ndege huja makundi kwa makundi, na mwanamke hukaa juu ya dungu, ule ulingo wa miti katikati ya shamba, tangu alfajiri mpaka jua lizame, akiamia. Kwetu hakuna mawe, ardhi yote ni tope la mto. Basi tulifinyanga vidonge vya udongo, tukavianika vikauke, tukavirusha kwa teo la kamba. Mimi nikirusha, watu wa shamba la pili walilala chini. Mama alirusha kwa mkono wa kulia, bangili yake ya shaba ikilia, na kidonge kilitua pale pale alipopataka. Siku mbili tatu mtu asipoamia, mpunga wa mwaka mzima umekwenda, na watoto watakula majani.

Mwaka huo ndipo ikaja habari ya ndui. Ilitoka wapi, hakuna aliyejua. Sisi wakulima tulisema imeletwa na wafugaji waliokuja kunywesha ng'ombe wao mtoni. Wafugaji, nilikuja kusikia baadaye, walisema imetoka kwetu sisi tunaolala karibu karibu na kuchangia vikombe. Kila mtu alikuwa na wa kumlaumu. Kisha askari wa chifu akapita na mbiu: watu wote watachanjwa, wakubwa kwa wadogo, na waliowahi kuchanjwa zamani watachanjwa tena. Kila atakayechanjwa atapewa cheti. Asiye na cheti kipya hatavuka mto.

Hapo kijiji kikachemka. Kuchanjwa mara ya kwanza watu walikwisha kukubali, maana waliowahi kuiona ndui walikuwa bado hai, wana nyuso zilizotoboka, na hakuna aliyehitaji kushawishiwa. Lakini mara ya pili? Ya nini? Kama dawa ile ilikuwa dawa, mbona inarudiwa? Na kama haikuwa dawa, mbona tulichanjwa? Wengine walisema serikali inataka alama zetu za vidole ili ituhesabu vizuri kwa kodi. Mzee mmoja jirani yangu aliapa kwamba ng'ombe wa watu fulani kule Bangale walidungwa sindano na wote wakafa. Nikamuuliza kama aliwaona, akanikasirikia siku nne. Sikucheka. Serikali hiyo hiyo ndiyo iliyokuwa ikituita siku zote kwa ukali, haijatuita hata mara moja kwa jambo la kutufurahisha, sasa leo inatuita kwa wema? Mtu mwenye akili zake lazima aulize.

Mchanjaji alikuja kwa mtumbwi kutoka Garsen, yeye na karani wake. Alikuwa mtu wa pwani, mwembamba, kaptura yake imepigwa pasi mpaka unaogopa kukaa karibu naye. Alizungumza kwa upole. Alitukusanya mbele ya msikiti akatueleza kwamba dawa huzeeka mwilini kama makuti ya paa yanavyozeeka. Baada ya miaka kadhaa paa huezekwa upya, si kwa sababu fundi wa kwanza alikuwa mwongo, bali kwa sababu mvua na jua havikosi kufanya kazi yao. Watu wakatikisa vichwa wakakubali. Ndipo mama yangu, aliyekuwa amekaa nyuma na wanawake, akasema kwa sauti ya kusikika.

"Daktari, ukitaka kuezeka upya, kwanza unang'oa makuti ya zamani. Sivyo?"

"Ndivyo, mama."

"Sasa siku ile unang'oa, mvua ikinyesha?"

Watu wakacheka, na mchanjaji naye akacheka, akasema, "Mama, wewe ungekuwa wakili." Hakumjibu. Nafikiri alidhani ni mzaha. Haukuwa mzaha. Mama na wenzake wa rika lake walizijua chale kabla ya sindano: mganga akikuchanja na kukupaka dawa ya kukinga jambo, hapo pamefungwa, hapachanjwi tena, kwa sababu chale ya pili huifungua ile ya kwanza na kila kitu kikatoka. Mama alikuwa amechanjwa chanjo ya serikali wakati wa ujana wake. Kovu lake lilikuwa bega la kushoto, pana, na yeye alilitunza kama watu wanavyotunza kufuli la sanduku. Asingemruhusu mtu alichokonoe.

Jioni ile nilimwendea nikamkuta anapepeta. Nikaanza kwa upole, lakini mimi upole wangu ni mfupi.

"Mama, usipochanjwa huvuki. Usipovuka, nani ataamia mpunga wako?"

"Mungu ataamia."

"Haya, mwambie Mungu apande dunguni."

"Ewe! Chunga mdomo wako."

"Astaghfirullah. Lakini mama, mpunga umeshika!"

Akaacha kupepeta. Akaniambia, "Mwanangu, mimi sichanjwi. Wanipige, wanifunge, sichanjwi." Na nilipomtazama usoni, nikaona kitu ambacho sikuwahi kukiona kwa mama yangu, aliyekuwa akifukuza viboko shambani kwa kuwapigia debe. Niliona hofu. Hasira yangu ikaisha yote, nikabaki na huruma tu.

Hapa inanibidi nieleze habari ya mikeka. Sisi wanawake wa mtoni tulilima uso wazi kwenye jua kali, hakuna aliyetufunika. Lakini bega ni jambo lingine. Kumvulia bega mwanamume mgeni, tena mchana, mbele ya watu, waume zetu walikataa kabisa. Mchanjaji akafikiri, kisha akakubali mikeka miwili isimamishwe kwenye miti, itobolewe tundu. Wanawake wangekaa upande wa ndani. Kila mmoja angepitisha mkono wake kwenye tundu mpaka begani, ataje jina lake, achanjwe, kisha atoe dole gumba lipakwe wino na kupigwa kwenye cheti. Karani angekirudisha cheti kwenye tundu lile lile. Wanaume waliridhika, mchanjaji akaridhika. Hakuna aliyefikiri zaidi ya hapo, ila mimi.

Asubuhi ya chanjo nilikwenda kwa mama kabla jua halijapanda. Nikamwambia, "Nipe bangili yako."

"Ya nini?"

Nikamweleza. Akasema hapana, hiyo ni dhambi. Nikamwambia dhambi ni kuacha mpunga uliwe na ndege. Akasema, na wewe je, ukichanjwa mara mbili si utaumwa? Nikajigamba, ujana una mambo. Nikamwambia mimi mwili wangu ni wa chuma. Kisha akaishika bangili yake, akaizungusha, ikakataa kupita kwenye kifundo, maana hakuwa ameivua tangu aolewe. Akaingia ndani akapaka mafuta ya nazi. Alipotoka aliniwekea mkononi.

Na niseme ukweli wote. Sikufanya vile kwa kujua kwamba namwacha mama yangu wazi. Wallahi sikujua. Nami niliamini kovu lake la zamani linatosha. Nilidhani mama tayari anayo dawa, kilichokosekana ni karatasi tu, na karatasi ni kitu cha serikali, na kuidanganya serikali hakukuwa jambo la kumkosesha mtu usingizi kijijini kwetu.

Nilipita mara ya kwanza kwa jina langu, mkono wa kushoto. Mchanjaji alidondosha tone la dawa, akanikwaruza kwa sindano, haikuuma zaidi ya mwiba. Nikapiga dole gumba nikachukua cheti. Nikarudi nyuma ya wanawake, nikampakata mtoto kidogo, nikavaa bangili ya mama. Zamu ilipofika tena nikapitisha mkono wa kulia.

"Wa kushoto, mama," mchanjaji akasema kutoka upande wa pili.

Nikaikwaruza sauti yangu ikawa ya mtu mzima. "Una jipu, baba."

Akaguna, lakini jua lilikuwa kali na mikono bado mingi. Nikataja jina la mama yangu. Nikachanjwa. Dole gumba langu likapigwa mara ya pili, karani akanipa cheti cha mama, na wanawake waliokuwa nyuma yangu, walioona kila kitu, walitazama chini. Hata mmoja hakusema. Nadhani wengine walinisifu moyoni, na wengine walijuta kwamba hawakuwaza mapema.

Mwili wa chuma! Siku chache baadaye mikono yote miwili ilivimba. Sikuweza kuchota maji, sikuweza kujifunga leso vizuri, mtoto nikimnyonyesha nilimlaza mapajani kwa sababu sikuweza kumbeba. Kurusha teo hata usiseme. Mama, na cheti chake kipya mkononi, alivuka mto akaamia shamba lake na shamba langu. Mashamba yetu yalipakana, akasimama kwenye dungu langu, akirusha huku na huku, naye alikuwa mtu aliyekwisha pita hamsini. Nami niliketi chini ya dungu pamoja na mtoto, nikimfinyangia vidonge kwa vidole vilivyokuwa vinauma, na yeye akinitania kutoka juu: "Chuma, lete udongo! Chuma, umelala?"

Siku moja adhuhuri ndege walipotulia, alishuka kula ndizi, akaniangalia vile vidonda. Cha kulia kilikuwa kibaya kuliko cha kushoto, kimejaa usaha, kimezungukwa na wekundu. Akakipuliza, kama mtu anavyompulizia mtoto aliyeanguka. Ndipo aliponiambia.

Aliniambia kwamba kabla yangu alikuwa na mtoto mwingine, mvulana. Mimi nilijua habari hiyo kwa mbali, lakini kwetu mtoto aliyekufa mchanga hatajwi tajwi. Alisema siku alipochanjwa mara ya kwanza, mtoto yule alikuwa ananyonya. Mkono ukavimba kama huu, homa ikampanda, na siku ya nne mtoto naye akashikwa na joto. Siku ya saba akamzika. Wanawake wakubwa walimwambia ni maziwa. Kwamba dawa imepita kwenye maziwa. Wengine walisema ni homa ya mvua, maana ulikuwa wakati wa mbu na watoto wengi walikufa msimu ule. Yeye mwenyewe hakujua. Alisema, "Nilijiambia basi, angalau sasa imeisha. Nimelipa, nimefungwa, hakuna wa kunifungua tena." Kisha akamtazama mtoto wangu aliyekuwa amelala, akamgusa paji la uso, kama alivyokuwa amemgusa, sasa nikakumbuka, kila asubuhi tangu siku ile ya chanjo.

Nililia. Aliinuka akapanda dunguni, maana ndege walikuwa wamerudi.

Tulivuna. Mpunga ulikuwa mzuri, ghala zote mbili zikajaa, nami nilijiona mjanja wa kijiji. Vidonda vyangu vikakauka, vigaga vikaanguka, yakabaki makovu.

Hatukuwa tumemaliza kutwanga mpunga mpya wakati mama mdogo, mdogo wake mama wa tumbo moja aliyekuwa ameolewa kijiji cha ng'ambo, alipougua. Ilikuwa ndui yenyewe. Kule watu wengi walijificha msituni siku ya chanjo, na yeye alikuwa mmoja wao. Mchanjaji alirudi na askari, wakajenga vibanda mbali na nyumba, wagonjwa wakapelekwa huko. Walihitaji wanawake wa kuwapikia na kuwaosha. Mchanjaji akaja kwetu akasimama pale pale mbele ya msikiti akasema: anayetaka kumhudumia ndugu yake na aje, lakini awe na cheti kipya. Wenye cheti hawana la kuogopa.

Mama alisimama kabla hajamaliza kusema. Alikuwa amekifunga cheti kwenye ncha ya leso. Akakifungua akampa.

Mchanjaji akakisoma. Askari alikuwa pale, mzee wa kijiji alikuwa pale, mume wangu alikuwa pale. Mimi nilikuwa hatua tatu kutoka kwake. Nilijua kwamba karatasi ile ni yangu na siyo yake. Nilisimama nikasema, "Nitakwenda mimi." Mama akageuka. Akasema, "Wewe una mtoto mchanga. Yule ni mdogo wangu, nilimbeba mgongoni. Kaa chini." Na akanitazama jicho lile la mzazi. Nilijua jicho lile linasema nini: usinivunjie heshima yangu mbele ya watu.

Nikakaa chini.

Nimeishi miaka mingi tangu siku ile na nimejitetea kwa kila namna. Nimesema niliogopa askari angetufunga sote wawili. Nimesema niliamini kovu lake la zamani. Nimesema mtoto asiye na adabu ndiye anayembishia mamake hadharani. Yote ni kweli na hakuna hata moja linalotosha. Maneno yenyewe yalikuwa matatu tu: mama yangu hakuchanjwa. Ningeyasema, angeaibika kwa siku moja.

Mama mdogo alipona. Nyuso zetu zilifanana, na alirudi na uso uliotoboka, akaishi mpaka akawaona vitukuu. Mama alimwosha, akamlisha uji kwa kijiko, akampepea nzi kutwa kucha. Siku mama alipoambiwa anaweza kurudi nyumbani, alikuwa na homa na mgongo ulikuwa unamuuma. Alidhani ni uchovu. Siku ya tatu vipele vikatokea usoni na mikononi.

Mchanjaji alipomwona alishangaa. Aliushika mkono wake wa kulia akautazama begani, akauangalia tena, akageuza wa kushoto akaona lile kovu pana la zamani, peke yake. Akakitoa cheti. Karani alikuwa ameandika kila kitu, hata "mkono wa kulia". Akaniangalia mimi niliyekuwa nimesimama mlangoni mwa kibanda. Sikungoja aniulize. Nilishusha leso begani, bila mkeka wowote, nikamwonyesha la kulia, kisha la kushoto.

Nilingoja anipige kofi. Ningelipokea. Alikaa kwenye kigogo, akainamia magoti yake. Kisha akauliza, "Mama yako alikuwa anaogopa nini?"

Mpaka leo swali lile linaniuma. Kijiji kizima kilikuwa kimemwambia mama cha kufanya, nikiwemo mimi, na mtu wa kwanza kuuliza alikuja wakati huo. Nikamwambia habari ya mtoto na maziwa. Alinisikiliza mpaka mwisho. Akasema, "Sijui kilichomuua mtoto yule. Sikuwepo. Lakini siku ile aliponiuliza habari ya mvua ilinipasa nikae naye. Mimi nilicheka." Akafuta uso kwa leso yake ya mfukoni akaenda kuona wagonjwa wengine.

Mama nilimuuguza mwenyewe. Hakuna mtu kijiji kizima aliyekuwa na haki ya kuingia pale kuliko mimi. Nilikuwa nimekingwa mara mbili. Mtoto wangu nilimwachia wifi. Nilimlaza mama juu ya majani ya mgomba kwa sababu mkeka ulimshika ngozi. Nilimdondoshea maji mdomoni. Kulikuwa na saa alizokuwa akiamia, mkono ukizunguka hewani, akiniita, "Chuma, lete udongo," nami nikimjibu, "Naleta, mama."

Siku ya mwisho macho yake yalikuwa yamefumba kwa uvimbe na hakuniona. Lakini alikuwa na akili zake. Alinipapasa mkono kutoka kwenye kiganja, taratibu, akapita bangili yake ambayo sikuwahi kumrudishia, akapanda mpaka begani, akalipata kovu. Akaliweka kidole. Ngozi yake ilikuwa moto.

"Hili lilikuwa langu," akasema.

Hakulisema kwa kulaumu. Lau angelaumu ningekuwa na cha kujibu. Alilisema kama mtu anayekiona kitu chake mahali alipokisahau. Alikufa alfajiri, na watu wa serikali wakamzika wao, kwa chokaa, mimi nikiwa nimesimama mbali kama walivyoniagiza.

Ilipita miaka mitatu. Mbiu ikapigwa tena: chanjo ya ndui, watu wote, waliochanjwa wachanjwe tena. Safari hii sikusikia maneno mengi kijijini. Mzee yule wa ng'ombe wa Bangale alikuwa wa kwanza kwenda. Mchanjaji akaja yule yule, kaptura ile ile, kichwa kimeanza mvi. Mikeka miwili ikasimamishwa, ikatobolewa tundu, na wanawake tukapangwa upande wa ndani.

Mbele yangu alikuwa msichana mmoja aliyeolewa karibuni. Nilimwona akipitisha mkono wa kushoto, akachanjwa, kisha akarudi nyuma, akaanza kuvua bangili zake. Mkwewe, mama wa mumewe, alikuwa amebaki nyumbani. Nilimshika kifundo cha mkono. Akanitazama, akashtuka, kwa sababu kila mtu alinijua.

"Nenda kamwulize anaogopa nini," nikamwambia. "Kaa naye mpaka akuambie. Kisha umlete."

Akasema mkwewe ni mkali. Nikamwambia mama yangu alikuwa mkali zaidi. Akaenda. Alimchukua asubuhi nzima, lakini kabla ya adhuhuri nilimwona yule bibi akija, amevimba kwa hasira, akimtukana mkwe wake njia nzima, na nikamshukuru Mungu kwa kila tusi.

Zamu yangu ilipofika sikupitisha mkono kwenye tundu. Nilizunguka mkeka. Wanawake nyuma yangu wakasema, "Lahaula!" na mume wangu, aliyekuwa amesimama na wanaume, akapiga hatua moja mbele kisha akairudisha. Nilivuta kigoda nikakaa mbele ya mchanjaji, uso kwa uso, nikataja jina langu kwa sauti ambayo watu wote waliisikia. Alinijua. Aliweka tone la dawa kwenye sindano.

"Mkono upi, mama?" akauliza.

Nikashusha leso upande wa kushoto. Wa kulia nilikwisha mpa mama yangu.